Mguu wa Idarusi

Sehemu ya kumi na moja, ambayo ndiyo ya mwisho

Lori lilikuwa limekwisha zipita nyumba za mwisho za Usagara, Tanga, na Luka angali ananing'inia nyuma yake kama ngozi ya mbuzi iliyoanikwa. Vidole vinane vimeshika ubao. Miguu inaburura vumbi. Ndipo kile kisigino tulichokiacha hewani juma lililopita kikashuka juu ya vidole vyake.

Kilishuka mara ya kwanza. Luka akauma meno.

Kikashuka mara ya pili.

"Achia! Achia, mwana wa manamba, kabla sijakuvunja!"

Wengi wenu mlikwisha sema kuwa kisigino ni cha Sadalla nyapara. Luka naye alidhani hivyo. Lakini Sadalla alikuwa mbele, kaketi na dereva, anatafuna tambuu. Mwenye kisigino alikuwa Semeni, mke wa Idarusi, yule yule ambaye Luka alikimbia kumwokolea mume.

"Shemeji, ni mimi! Luka!"

"Najua ni wewe. Ndiyo maana nakanyaga."

Lori likaingia shimoni, likaruka, na Luka akarushwa juu akaangukia ndani, kichwa mbele, kati ya mifuko ya saruji. Hakuna aliyemvuta mkono. Shimo la barabara ndilo lililompandisha.

Aliyeingia leo na asipotee, mambo yalikuwa hivi. Jumatatu, kwenye ghorofa mpya ya Usagara, jukwaa la mafundi lilifunguka, na Idarusi, fundi wa lipu, akaanguka futi ishirini na tano. Mfupa wa mguu wa kulia ukatoka nje ya ngozi. Kontrakta hakutaka habari ivuke ua, kwa kuwa Jumatano saa nane mchana Bwana Kazi, yule Mzungu wa idara ya kazi, alikuwa anakuja kukagua. Basi Sadalla akamficha Idarusi siku mbili katika ghala la saruji, na Jumatano asubuhi akampakia lorini pamoja na mkewe, apelekwe kwao Moa, mbali na macho ya watu.

Sasa ni Jumatano hiyo, yapata saa nne, na lori linakimbia kaskazini.

Luka aliinua kichwa. Idarusi alikuwa amelala juu ya ubao wa jukwaa, mguu umezungushiwa gunia, macho yanang'aa kwa homa.

"Umeruka vizuri," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Mimi nilipoanguka sikuwekewa hata mfuko wa saruji."

"Nyamaza, kaka. Usijichoshe."

"Ninyamaze mara ngapi? Nimenyamazishwa siku mbili."

Luka alitaka kucheka asiweze. Harufu ilikuwa imemfikia.

Aliijua harufu ile. Alizaliwa Maramba, katika kambi ya manamba, wakata mkonge wa mkataba. Baba yake alichomwa na mwiba wa mkonge mguuni, wakaufunga kwa kitambaa, wakangoja upone. Siku ikaja harufu tamu, tamu mbaya, kama papai lililosahauliwa sandukuni. Siku mbili baada ya harufu wakamzika.

Akafunua gunia kwa ncha ya kidole. Chini ya goti ngozi ilikuwa nyeusi, na weusi ule ulikuwa unapanda.

"Shemeji," alisema polepole, "mguu huu unaoza. Uozo ukipita goti ukaingia pajani, hana maisha. Tumrudishe mjini, hospitali, sasa hivi."

"Hospitali!" Semeni akamsogelea kama kuku mwenye vifaranga. "Nyapara kaniambia. Hospitali wana msumeno. Wataukata! Fundi wa lipu asiye na mguu atapanda wapi? Babu yangu Moa anaunga mifupa tangu enzi ya Mjerumani. Kaunga hata nyonga ya ng'ombe."

"Ng'ombe huyo alitembea?"

"Alichinjwa Idi. Lakini alisimama!"

"Mimi msinichinje Idi," Idarusi alisema.

"Shemeji, nisikilize. Mfupa babu yako ataunga, sibishi. Uozo hauungwi."

"Na hospitali hawatakata?"

Hapo, wasomaji wangu, Luka alitenda kosa lake la pili. Hakujua kama watakata au hawatakata. Alijua tu kwamba lori linakwenda mbele na uhai wa mtu unarudi nyuma.

"Hawatakata," alisema. "Haki ya Mungu, hawatakata."

"Unaapa?"

"Naapa."

Semeni akamtazama kutoka nywele mpaka vidole vinavyotoka damu.

"Ndugu zake wa tumbo moja hawakukimbia nyuma ya gari hili. Wewe umekimbia. Mwana wa manamba, una nini na mume wangu?"

Luka akatazama mifuko ya saruji.

"Jibu! Una nini naye?"

Mwajua kwamba Luka alikuwa msaidizi wa Mzee Mwinyijuma, mfungaji wa majukwaa, baharia aliyeiacha bahari akabaki na mafundo yake. Mzee alikuwa na sharti moja, na mafundi wote walilikubali: fundo lake haliguswi na mtu. Kila asubuhi alipanda peke yake, akashika fundo moja moja, akaliminya, akalikaza. Alipokwisha shuka na kusema "Bismillahi", ndipo wengine walipopanda. Lakini Jumatatu ile Mzee alikuwa Pongwe, mazikoni, anamzika dada yake. Sadalla hakumngoja. Alipuliza filimbi, watu wakapanda.

"Nililishika," Luka alisema.

"Ulishika nini?"

"Fundo. La pembeni, juu. Tulifunga Ijumaa, mvua inanyesha, kamba za katani zimeloa. Jua la Jumamosi na Jumapili likazikausha, zikalegea. Jumatatu asubuhi nilitia mkono, fundo likacheza kama jino bovu."

"Ukalikaza."

"La."

"Ukamwambia mtu."

"La. Ni fundo la Mzee, shemeji. Yeye yuko kaburini kwa dada yake, nami nisimame mbele ya kadamnasi niseme fundo la Mwinyijuma limelegea? Niliona haya. Nikasema moyoni, akirudi adhuhuri atalikaza mwenyewe. Saa nne Idarusi alipanda."

Kofi lilisikika mpaka mbele kwa dereva.

"Mpige na la kwangu," Idarusi alisema, macho kayafumba.

Semeni akampiga na la Idarusi.

Luka hakukinga uso. Lori lilikuwa limevuka daraja la Sigi, na pande zote mbili sasa palikuwa mkonge, mistari kwa mistari, mpaka macho yanachoka. Semeni alipumua kwa nguvu. Hakulia. Alifikiri.

"Sadalla kanipa maneno siku mbili," alisema hatimaye, "na kila neno linamfaa Sadalla. Wewe umenipa neno moja, nalo linakuchoma mwenyewe. Basi lako nalichukua."

Akageuka, akagonga bati la nyuma ya dereva kwa ngumi mbili.

"Simamisha! Simamisha gari!"

Kutoka mbele ikaja sauti ya Sadalla: "Kanyaga mafuta, Methusela! Mwanamke huyo kapanda mori!"

Lori likaongeza mbio. Ubao wa Idarusi ukaruka juu na kutua, na kwa mara ya kwanza Idarusi akapiga ukelele. Hapakuwa na mzaha ndani yake. Luka alijilaza kando, akaukumbatia ubao kwa mikono yote miwili, na Semeni akajilaza upande wa pili. Maili nzima walikwenda hivyo.

Kisha lori likasimama. Si kwa huruma. Rejeta ilikuwa inachemka, inapiga mvuke kama birika la mkahawani.

Mlango ukafunguka. Sadalla akaja nyuma, akamwona Luka, tambuu ikamkwama kinywani.

"Nani kakupandisha wewe?"

"Shimo."

"Shuka!"

"Geuza gari kwanza," Semeni alisema. "Tunarudi hospitali."

Sadalla akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka vizuri, meno yote.

"Bibi, gari hili haligeuki mpaka saa kumi. Saa nane yule Mzungu anapita kazini. Ataona jukwaa jipya, kamba mpya, na watu wote wazima. Akishakwenda zake, mpeleke mumeo hospitali ya Bombay ukitaka."

"Kumbe humpeleki kwa babu yangu. Unampeleka asionekane."

"Yote mawili. Njia ni moja."

Semeni hakusema tena. Alishuka, akazunguka mbele, akaketi katikati ya barabara mbele ya magurudumu, akavuta kanga kichwani kama mtu aliyefika matangani.

"Methusela!" Sadalla akafoka. "Washa gari! Akiona linakuja ataondoka."

Methusela dereva alikuwa Mshambaa wa milimani, mpole, Mlutheri wa kufika kanisani kabla ya kengele, baba wa watoto sita. Alikuwa amesimama majanini kando ya gari, anamimina maji katika rejeta, macho chini.

"Hendeli, bwana nyapara."

"Hendeli imefanya nini?"

"Siioni."

"Ulikuwa nayo sasa hivi!"

"Nami nashangaa."

Sadalla akainama chini ya gari. Akatazama chini ya kiti. Akapekua majani ya kando. Methusela alisimama pale pale majanini, miguu pamoja, hasogei hata nukta, kama mtu aliyekanyaga nyoka. Luka alikuwa amekwisha shuka; aliitazama miguu ile akaelewa. Na mara ile ile akaelewa la pili: lori lisilo na hendeli ya kuzungushia injini haliendi mbele, wala halirudi nyuma.

"Methusela," alinong'ona, "umetuua. Tutamrudisha kwa chombo gani sasa?"

"Kugeuza nisingeweza," Methusela akajibu, mdomo hautikisiki. "Nina watoto sita. Lakini kupoteza kitu, mtu yeyote hupoteza." Akanyoosha kidevu kidogo, upande wa kushoto.

Hatua thelathini kutoka pale, reli nyembamba ya shamba ilikata barabara, ile wanayopitishia majani ya mkonge kwenda kiwandani. Na juu ya reli palikuwa na toroli moja, tupu.

Luka alikulia juu ya vitu vile. Reli haina mashimo, na kiwandani hapakosi gari la kwenda mjini.

"Semeni! Njoo ushike ubao!"

Sadalla alipowaona wanamshusha mgonjwa alikuja mbio, na safari hii hakucheka.

"Mrudisheni! Luka, sikiliza nikwambie. Ukimtoa huyu hapa, nitakwenda kwa Bwana Kazi mimi mwenyewe. Nitamwambia ni Luka aliyelegeza kamba, kwa makusudi, kwa ugomvi wake na Idarusi. Watu kumi watashuhudia, kazi wanaitaka. Utafungwa, kijana. Utaozea ndani kabla ya mguu huo."

Luka alisimama na ncha ya ubao mikononi. Kule kwa Mzungu angeaminiwa nani, nyapara mwenye kofia au mtoto wa manamba?

"Nenda ukaseme," alijibu. "Lakini fanya haraka, maana nami nakwenda kusema."

Sadalla akamkamata shati. Shati lilikuwa kuukuu, likabaki mikononi mwake, na Luka akaenda kifua wazi.

Walimlaza Idarusi juu ya toroli. Luka akachukua kamba ya turubai, akamfunga pamoja na ubao, kifuani, nyongani, na mguu mzima kando ya mguu mbovu usitikisike. Mikono ilikwenda yenyewe, kama ilivyofundishwa. Alipomaliza akamwambia Semeni:

"Shika mafundo."

"Mimi?"

"Wewe. Shika moja moja. Yanacheza?"

Semeni akashika. La kwanza kimya. La pili kimya.

"Hili la nyongani linacheza."

"Likaze."

"Ni fundo lako."

"Likaze, shemeji!"

Akalikaza, kwa goti na kwa meno. Wakasukuma.

Nyuma yao Sadalla alikuwa anampiga Methusela mgongoni kwa mikono miwili, naye Methusela anapigwa wima. Angeinua mguu, hendeli ingeonekana.

Mwanzo walisukuma kwa shida, kisha reli ikaanza kuteremka kuelekea kiwandani. Luka akarukia nyuma na gogo la kuzuia gurudumu, Semeni akakaa kichwani kwa mumewe. Upepo ulipita. Idarusi akafumbua macho.

"Hii gari nzuri," alisema. "Mbona hamkunipakia tangu Jumatatu?"

Kisha akaanza kuzungumza na mama yake, ambaye alikufa zamani, na Semeni akamtazama Luka kwa macho yaliyouliza: tumebakiwa na saa ngapi?

Mbele, penye kona, moshi ulipanda juu ya mkonge.

Gari moshi la shamba lilikuwa linakuja, linavuta matoroli matupu, na njia ni moja. Sheria ya reli ile kila mtoto wa kambi aliijua: toroli la mkono huinuliwa nje, gari moshi halisimami kwa ajili yake. Kuinua toroli ni kazi ya watu wanne. Wao walikuwa wawili, na wa tatu kafungwa juu yake.

Luka alilikandamiza gogo kwa uzito wote. Gogo likatoa moshi. Toroli likapunguza, likapunguza, likasimama. Filimbi ikalia kutoka nyuma ya kona.

"Haoni!" Luka akapiga kelele. "Kona inamficha!"

Semeni alikuwa amekwisha ruka. Alivua kanga ya juu, akakimbia katikati ya reli, miguu mitupu juu ya mataruma, anapunga kanga juu ya kichwa. Akaingia kwenye kona, akapotea machoni.

Filimbi ililia tena, ndefu. Ikafuata sauti ya chuma juu ya chuma. Kisha kimya.

Luka hakuweza kuondoka, toroli lingeteremka. Alisimama pale anahesabu pumzi zake mwenyewe. Alifika ishirini na sita ndipo akasikia sauti ya mwanamume inatukana, na sauti ya Semeni inamjibu. Maishani hakupata kusikia matusi matamu namna ile.

Dereva wa gari moshi, Manase jina lake, mtu mfupi mwenye masizi mpaka masikioni, alikuja kwa hatua za hasira.

"Nimesimama hatua tano kutoka kwake! Tano! Ondoeni toroli lenu!"

"Haliondoki," Semeni alisema. "Lina mtu."

"Mtu ashuke atembee kama wenzake!"

"Njoo umwambie wewe."

Manase akafika. Akavuta pumzi ya kusema, harufu ikaingia pamoja na ile pumzi. Akavua kofia.

"Siku ngapi?"

"Leo ya tatu," Luka alijibu.

"Na mmekaa naye mnamtazama?"

Manase akatazama alikotoka, akatazama alikokuwa anakwenda. "Msimamizi akiniuliza kwa nini nimerudi kinyumenyume nusu ya njia, nitasema nini?"

"Sema umesahau kofia," ikaja sauti kutoka kwenye ubao.

Manase akaitazama kofia mkononi mwake. Akaitupa kwenye mkonge.

"Lisukumeni polepole mpaka kwangu. Nitalifunga kwangu, nirudi nalo kiwandani."

Alirudi nyuma akipiga filimbi bila kuachia, na wote waliokuwa njiani walikimbilia kando. Kiwandani palikuwa na gari dogo la shamba. Kutoka pale mpaka mjini ni lami. Saa saba kasorobo Idarusi alikuwa mlangoni mwa hospitali, angali hai, angali amefungwa kwenye ubao wa jukwaa.

Daktari alimtazama muda wa mtu kunywa maji.

"Juu ya goti," alisema. "Sasa hivi. Mngemleta Jumatatu ningejaribu kuuokoa. Mngemleta kesho mngekuwa mnatafuta sanda."

Semeni hakumtazama daktari. Alimtazama Luka.

"Uliapa."

"Niliapa."

"Ulikuwa unajua?"

"Sikuwa najua. Nilitaka gari ligeuke."

Kwa hiyo Sadalla, mwongo wa siku zote, neno lile moja alikuwa amelisema kweli, na Luka aliyesema kweli siku nzima alidanganya pale pale penye kiapo. Wakamletea Semeni karatasi ya kukubali na wino wa kidole gumba. Mkono wake ukasimama hewani, hauendi.

"Semeni," Idarusi alisema. Homa ilikuwa imempa nafasi kidogo. "Mguu ule haukuwa na akili hata ulipokuwa mzima. Weka kidole."

Akaweka.

Luka hakungoja mlango ufungwe. Alikimbia kutoka hospitali mpaka Usagara kifua wazi, na saa nane na dakika chache alikuwa langoni.

Kila kitu kilikuwa kama Sadalla alivyosema. Jukwaa jipya, kamba mpya. Bwana Kazi amesimama chini na daftari, mkalimani pembeni, kontrakta anatabasamu. Mafundi wamepangwa mstari kama watoto wa shule. Juu kabisa, Mzee Mwinyijuma anakagua fundo la mwisho. Yeye alikuwa ameambiwa kwamba upepo ndio uliolifungua lile la zamani, na kwamba Idarusi kaenda kwao na homa.

"Bwana," Luka alisema. "Hesabu ya watu haijatimia."

Kontrakta akageuka. "Mtoeni huyo. Kibarua, mlevi, nilimfukuza juzi."

Watu wawili wakamshika mikono.

"Idarusi fundi wa lipu yuko hospitali!" Luka akapiga kelele. "Alianguka hapa Jumatatu! Alifichwa ghalani siku mbili! Saa hii anakatwa mguu!"

Mkalimani akamtazama kontrakta, hakutafsiri. Bwana Kazi akauliza kwa Kiingereza. Mkalimani akajibu maneno mawili. Mzungu akarudi kwenye daftari lake. Mafundi wote walitazama vidole vya miguu yao, na Luka akaanza kuvutwa kuelekea langoni.

"Mwachieni."

Sauti ilitoka juu. Mzee Mwinyijuma aliteremka bila haraka, mkono kwa mkono, mpaka chini. Akasimama uso kwa uso na Mzungu, na Kiswahili akakisema polepole, kama mtu anayemwaga nafaka, hata mgeni aelewe.

"Jumatatu jukwaa lilifunguka. Fundo lile lilikuwa langu. Kijana huyu hasemi uongo. Nenda hospitali ukaone."

Bwana Kazi akafunga daftari. Alielewa. Akamwashiria kontrakta wafuatane, na kontrakta hakuwa na tabasamu tena.

Ndipo Mzee akamgeukia msaidizi wake.

"Shikamoo, mzee," Luka alisema, maana hakujua aseme nini.

Mzee hakuitikia.

"Ulilishika?"

"Nililishika."

"Likacheza?"

"Likacheza."

"Ukaliacha."

"Niliona ni fundo lako, mzee. Nilikustahi."

Mafundi wote wakasikia alichosema Mwinyijuma.

"Umenistahi mimi, ukamwangusha mwenzio. Ningependa unitukane kila asubuhi ya maisha yako."

Akapanda tena juu ya jukwaa. Akasimama katikati, akaita majina ya mafundi, mmoja mmoja, wapande washike mafundo yote kwa mikono yao wenyewe. Jina la Luka hakuliita.

Yaliyobaki ni haya.

Kontrakta alishtakiwa, akatozwa faini, na ghorofa likaendelea. Lilikwisha mwaka wa hamsini na tano. Chini ni duka la vitambaa.

Sadalla alifika mjini jua linatua, kwa miguu. Alifukuzwa, si kwa kumficha mtu, bali kwa kuacha lori njiani. Alikwenda Mombasa akawa nyapara huko.

Methusela aliendesha lori lile miaka mitatu zaidi, kisha akarudi milimani kwake kulima kahawa.

Manase hakuulizwa na mtu.

Mzee Mwinyijuma alifunga majukwaa mpaka mwaka wa hamsini na nane, akafa kwa kifua.

Luka alimweleza Bwana Kazi yote, na la fundo pia, likaandikwa. Hakufungwa. Lakini hakuna fundi Tanga aliyemchukua tena. Alikwenda Korogwe, kisha Tabora, kisha Mwanza, kwenye pamba. Hakumwomba Idarusi msamaha, na Idarusi hakusema kama amemsamehe au la. Kila mwaka mpya Luka alituma barua Moa. Semeni alisomewa, akaziweka. Hakujibu hata moja.

Babu wa Semeni alichonga gongo la mvule, akalifunga ngozi kwapani.

Idarusi alirudi kazini baada ya miezi minane. Alipiga lipu kuta za chini, mpaka pale mkono wake ulipofika. Juu ya hapo walipanda wengine.